Kama Umeoa, Ruka C

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya kumi na saba ya ndoa! Bado nashtuka nikiamka na kukuta mwanamume chumbani. Halafu nakumbuka ni wangu. Raha iliyoje!

Kipenzi amerudi kutoka shule ya urubani na habari kubwa. Mafunzo ya awali yamekwisha. Wote sita wamefaulu, na kabla ya wiki kuisha kila mmoja lazima awe amechagua njia yake jeshini. Njia ni tatu. A, ndege za kivita. B, helikopta. C, ndege za mizigo. Ukishachagua umechagua, hubadilishi mpaka mvi. Nikasema basi ni kama ndoa. Akacheka, akasema mke wangu una maneno wewe. Mke wangu! Naandika hapa nisije nikasahau alivyolitamka.

Nikamwuliza moyo wake uko wapi. Akasema B. Eti helikopta ndiyo ndege pekee inayoweza kusimama hewani na kumtazama mtu usoni. Anataka kuwatoa watu juu ya mapaa wakati wa mafuriko. Mkono mmoja unafanya hili, mwingine lile, na miguu nayo ina kazi yake. Alieleza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa namtazama mdomo, kwa hiyo mengine sikuyashika.

Mimi nataka A. Ni suala la picha tu. Rubani wa ndege ya kivita hupigwa picha kwenye ngazi, kofia kwapani, jua likimpiga shavuni. Ningeitundika juu ya kitanda. Picha za helikopta nimeziona. Vumbi tupu.

Tatizo ni jirani. Namwita Bi Darubini, maana pazia lake halitulii. Mumewe anasoma na Kipenzi. Wenzake humwita Shingo, na ukimwona huulizi kwa nini. Bi Darubini ameshautangazia ua mzima kwamba Shingo anakwenda A, na kwamba A ina nafasi moja. Moja! Alisema huku akinikazia macho mimi na ndoo yangu. Nikajibu kwamba nafasi ni ya mwenye sifa. Akasema ndiyo, na pia ya mwenye kimo. Nilimwaga maji nusu kwa hasira.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kumi na nane. Kipenzi amenibusu mlangoni mara mbili kabla ya kwenda kazini. Ya pili nilimwomba, lakini imehesabiwa.

Mama mkwe amepiga simu asubuhi. Yeye ni wa C, na hataki mjadala. Sababu yake: ndege ya mizigo ina choo. Mwanawe tangu mtoto hawezi kubana. Nilimwahidi nitalifikisha kwa heshima zote.

Jioni nikamhoji Kipenzi kuhusu C. Akaeleza bila kujua anajichimbia nini. Marubani wawili, chupa ya chai katikati, unaondoka leo, unarudi baada ya wiki mbili. Unalala hotelini. Nikauliza nani anatandika vitanda huko hotelini. Akasema wafanyakazi wa hoteli. Nikasema ahaa. Akauliza ahaa nini. Nikasema ahaa tu.

Wiki mbili! Bibi harusi wa siku kumi na nane!

Halafu nikapata picha nzima. Ndege za A zinakaa hapa hapa, nyuma ya uzio. Helikopta zina vituo viwili. Kimoja ni hapa, chenye nyumba za familia. Kingine kiko mpakani, siku mbili kwa barabara, na huko ni bweni la wanaume watupu, mke haruhusiwi hata kupita getini. Kwa hiyo nimelegeza msimamo. A ni nzuri. B ya hapa pia nitaivumilia, vumbi na yote. C, hapana. Mpakani, hapana kubwa.

Sasa sikilizeni. (Nani asikilize? Shajara ni ya siri. Sikiliza wewe, daftari.) Nilikuwa nanusa shati la Kipenzi kabla ya kulifua, jambo ninalofanya kila siku, na mfukoni nikakuta karatasi ya maelekezo ya kuchagua njia. Kifungu cha saba. Nakinakili neno kwa neno: "Kama umeoa, ruka C."

Nilisoma mara tatu. Nikakaa juu ya beseni.

Jeshi limeshaamua! Mwenye mke aruke C! Nadhani wameona mwanamume aliyeoa amezoea kubeba mizigo. Kumbe wengine wanachagua, wenye ndoa wanachaguliwa!

Nililia kidogo. Kisha nikafikiri, na nikifikiri huwa sikamatiki. Ndoa yetu ina siku kumi na nane. Ilifungwa kwetu, mbali na hapa, katika likizo yake ya siku tatu. Cheti bado hajakipeleka ofisini. Kwa hiyo jeshi halijui. Na kisichojulikana hakiwezi kurushwa C!

Kipenzi sitamwambia. Ni mkweli kupita kiasi. Ukimwuliza kama chumvi imezidi, anasema imezidi.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kumi na tisa, na nimeitumia kama dada.

Leo ilikuwa siku ya familia kutembelea uwanja wa ndege wa shule. Nilivua pete nikaitia kwenye mkoba, ndani ya leso, nikaiomba radhi. Kipenzi alikuwa kwenye gwaride mbele, kwa hiyo nilipofika kwa mkufunzi mkuu, mzee mwenye masharubu kama brashi ya viatu, nikajitambulisha mwenyewe. Nikasema mimi ni dada yake. Akanitazama, akasema kweli damu haifichiki, hasa pua.

Pua! Pua ya Kipenzi naipenda kufa, lakini kwenye uso wake.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Mkufunzi mkuu akamwita luteni mmoja, fundi wa injini za helikopta, akamwambia dada wa watu asisimame juani. Luteni akaleta kiti. Akaleta maji. Akaleta mwavuli akaushika yeye mwenyewe kwa dakika arobaini. Akanieleza injini nzima, kipande kwa kipande, na kila kipande akaniuliza kama nyumbani wananisubiri.

Gwaride likaisha. Kipenzi akaja, amependeza mpaka nikasahau mimi ni nani. Luteni akampa mkono kwa nguvu, akamwita shemeji. Kipenzi akageuka nyuma kutafuta shemeji ni yupi.

Njiani akauliza. Nikasema yule luteni ni mchangamfu, huita kila mtu shemeji. Akasema amefanya naye kazi mwaka mzima, hajawahi kumsikia akimwita mtu hata kwa jina. Nikamwonyesha wingu lenye umbo la moyo. Kwa kweli lilifanana na kiatu, lakini alitazama.

Bi Darubini, bila shaka, alikuwa kiti cha nyuma yangu tangu mwanzo. Jioni akanifuata kwenye kamba ya nguo, sauti asali tupu, akauliza mwenzangu, tangu lini mume akawa kaka. Ilibidi nimzibe mdomo. Alitaka chupa yangu mpya ya chai, ile ya zawadi ya harusi, yenye maua mekundu. Nikampa. Maumivu!

Lakini kabla hajaondoka nikamdadisi. Nikamwuliza kwa upole, sasa na nyinyi mmeoana, ile C itakuwaje. Akajibu bila wasiwasi wowote kwamba mumewe ameshairuka, jambo dogo hilo. Ameshairuka! Na anasema hivi hivi, amebeba chupa! Masikini mwanamke. Hajui kitanda chake kitakavyokuwa kipana. Nilimhurumia nikamwongezea na kikombe kimoja.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya ishirini! Kipenzi ameniletea ua alilolichuma kwenye uzio wa jeshi. Ni kosa la kinidhamu. Nimelikausha ndani ya daftari hili.

Leo fomu. Kesho ana safari ya mwisho ya kupimwa, ile ya kupangiwa njia, na jioni nzima alikuwa sakafuni na ramani, rula na penseli. Mkufunzi mkuu alimwita mchana akamsihi achukue A, eti mikono kama yake haipatikani kila mwaka. Mama yake akapiga simu tena kuhusu choo. Kipenzi aliwasikiliza wote wawili, akasema asante, akaandika: moja, B. Mbili, A. Tatu, C. Akatia sahihi chini.

Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema kwenye A utakuwa peke yako na kasi yako, na kwenye C utakuwa na mzigo usiokujua. Yeye anataka kumshika mtu mkono. Halafu akanishika mkono. Nilikaribia kuyeyuka.

Nafsi ya ndani ilinituma nibadilishe moja iwe mbili, kwa ajili ya picha. Sikubadilisha. Mke mwema haingilii kazi ya mumewe.

Ndipo akanipa fomu. Akasema wewe una mwandiko mzuri, malizia vile vidogo vidogo vilivyobaki, jina la mama, anwani, hali ya ndoa, kesho uifikishe ofisini. Ni kweli nina mwandiko. Kidato cha pili nilipewa zawadi.

Hali ya ndoa. Visanduku viwili. Nimeoa. Sijaoa. Nikatazama picha ya harusi ukutani. Nikaigeuza itazame ukuta. Nikatia alama: Sijaoa. Alama ilitoka nzuri.

Chini yake kumbe fomu nayo ina Sehemu C yake. Jeshi lina bunduki nyingi lakini herufi chache! Swali: je, uko tayari kupangwa kituo chochote, hata cha mbali, na kuishi bwenini? Nikajua mara moja ni mtego wa kupima ujasiri. Mwoga atasema Hapana, na mwoga hapewi kitu. Nikatia Ndiyo. Pakawa na nafasi ya maoni. Nikaandika: "Kwa moyo wote. Hata mpakani." Nikapiga mstari chini ya "mpakani".

Nikafunga bahasha kwa busu. Kisha nikafuta rangi ya mdomo kwa mate, maana dada hawabusu bahasha.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya ishirini na moja. Nimepeleka fomu mwenyewe, kama dada. Karani wa mapokezi aliifungua, akaipitia, akafika kwenye maoni, akavua miwani. Akaniuliza dada, huyu kaka yako anautaka mpaka kweli? Nikasema anauota. Akasema vijana wa namna hii siku hizi ni adimu, wengi wanang'ang'ania mjini kwa sababu ya wake zao. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema wake ni tatizo.

Nilitembea kurudi nyumbani kama niko juu ya mawingu. Kipenzi amefaulu safari yake ya kupimwa. Tumecheza muziki wa redioni mpaka betri zikaisha, tukaendelea bila muziki.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya ishirini na nne. Sijui nianzie wapi.

Majibu yamebandikwa. Kipenzi alikuja mbio kutoka getini, akaninyanyua mbele ya ua mzima, akasema B! Nimepata B! Nikapiga kelele. Bi Darubini akatokeza. Shingo naye amepewa B. Walipomkalisha kwenye kiti cha ndege ya kivita magoti yalifika kwenye vioo vya vipimo vya mbele, na kifuniko hakikufunga. Nikasema loo, pole, kimo nacho! Ilikuwa dakika tamu.

Ilikuwa moja tu. Kipenzi alikuwa bado hajasoma mstari wa pili wa barua yake. Akausoma. Akausoma tena. Akaketi kitandani na buti zake.

Kituo cha mpakani. Bweni namba nne. Miezi kumi na minane. Aripoti tarehe 23.

Na Shingo? Kituo cha hapa. Nyumba ya familia, yenye baraza.

Nikamkimbilia Bi Darubini. Nikamwuliza imekuwaje, mbona mumewe ameoa na hakurushwa C. Akauliza arushwe nini. Nikamsomea kifungu cha saba, nilikuwa nimekikariri. Akashika mwimo wa mlango.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kama anavyomweleza mtoto: mwenzangu, hapo kuruka si kupaa. Kuruka ni kupita. Kama unavyoruka dimbwi. C ni sehemu ya fomu, inajazwa na wasiooa peke yao, wanaulizwa kama wako tayari kutupwa mbali. Mwenye mke anaiacha tupu, anapangiwa karibu na mkewe. Ndiyo maana yake. Imewekwa kwa ajili yenu!

Jua halijazama, ua mzima umeshajua. Mtoto wa fundi viatu alipokuwa akiruka kamba wakanitazama mimi.

Mimi nasema kosa si langu. Shule inamwambia mtu mwaka mzima ruka, ruka, leo umeruka vizuri, kesho utaruka juu zaidi. Halafu kwenye karatasi neno lile lile wanaligeuza! Mtu wa kawaida afanyeje?

Kipenzi hajajua ni mimi. Anadhani ofisi imekosea. Amekula vijiko viwili tu.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya ishirini na tano. Nimemwambia.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alichukua sahani moja akaiosha, akaiosha, akaiosha. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba kila akiwa angani kuna jambo moja analolifikiria wakati wa kutua: kwamba kuna mtu yuko nyumbani anamsubiri yeye. Kwa hiyo alichagua B. Si mafuriko tu. Alijua kituo kiko hapa, na kwamba jioni angetembea kwa miguu mpaka kwangu.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Akaniletea maji. Hata akiwa amekasirika analeta maji! Wapi nitampata mwingine?

Tukaenda wote kwa mkufunzi mkuu. Nimevaa pete. Luteni wa mwavuli alikuwa mlangoni, akasema karibu shemeji, karibu dada, kisha akaiona pete, kisha akaona kidole cha Kipenzi, kisha akakumbuka kazi mahali pengine. Mkufunzi mkuu akauliza dada amekuja kumuaga kaka yake? Kipenzi akasimama wima, akasema afande, huyu ni mke wangu.

Mkufunzi mkuu akatazama pua yangu. Akatazama pua yake. Akasema hata hivyo zinafanana.

Nikaeleza yote. Kifungu cha saba nikakieleza mara mbili. Masharubu yalianza kutetemeka, akageukia dirishani, akatazama nje kwa muda, mabega yakicheza. Aliporudi alikuwa mkali. Akasema jeshi si mahali pa mchezo. Akasema kituo cha hapa kimebaki na nyumba moja ya familia, ataishikilia mpaka Jumatatu, saa sita mchana. Aletewe cheti cha ndoa kabla ya hapo, faili litarekebishwa. Saa sita ikipita bila cheti, nyumba anapewa mwingine, na Kipenzi anapanda gari la mpakani kama barua inavyosema.

Kipenzi akasema asante afande mara tatu. Nami nikasema, nikapiga na saluti. Akaniambia raia hawapigi saluti.

Tumerudi tumeshikana mikono. Nimeapa, mbele ya Kipenzi, kwamba sitasoma tena karatasi ya jeshi bila kupima kila neno. Akanibusu kwenye paji la uso. Nimesamehewa! Nina mume wa namna gani huyu!

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya ishirini na nane. Leo ana mapumziko. Amelala, ni saa nane mchana, pazia linampepea, anakoroma kidogo kidogo kama injini ndogo. Nampenda!

Nimekaa naye nikiwaza. Ndoa yetu ilipewa likizo ya siku tatu. Tatu! Mbili zikaishia njiani. Sisi hatujawahi kukaa pamoja wiki nzima bila buti mlangoni. Na hili ndilo ninalotaka kuliandika, maana nimegundua kitu.

Jumanne nilipokuwa nasubiri nje ya ofisi ya mkufunzi mkuu, ukutani palikuwa na kanuni za likizo. Nikanakili moja kwenye kiganja. Na kwa sababu nimejifunza, sikuikimbilia. Nimeipima siku tatu, neno kwa neno. Ndiyo hii: "Askari atakayechelewa kuwasilisha cheti cha ndoa atakatiwa siku kumi na nne za likizo."

Atakatiwa! Kama mtu anavyokatiwa tiketi. Wewe unakaa tu, unakatiwa, unapewa mkononi. Siku kumi na nne! Wala sikuishia hapo. Nimemwuliza hata kondakta wa basi anayepita hapa kila asubuhi, kukatiwa maana yake nini. Akasema dada, kukatiwa ni kukatiwa, unataka ya kwenda tu au na ya kurudi? Nikajua nimesoma sawasawa. Bi Darubini sikumwuliza. Angewahi kumchelewesha Shingo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchelewa. Kipenzi anakitafuta cheti tangu jana, amepekua sanduku mara mbili, ameanza kutoka jasho. Nimemwambia atulie, mambo yatakuwa mazuri kuliko anavyodhani. Nyumba haina miguu. Itatukuta tukirudi, tumenenepa, tumechoka kwa mapenzi.

Cheti kiko ndani ya foronya, chini ya kichwa chake mwenyewe. Nimekishonea kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo, kazi safi. Jumatatu saa sita ikishapita tu, naufumua uzi na kumwambia.